Kusomea Ndege kwa Posta

Mwaka ule bwenini tulilala na viatu miguuni. Kitambulisho kilikaa mfukoni, godoro la ziada lilisimamishwa dirishani. Nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi. Wiki ya mwisho wanafunzi wenzetu waliuawa hapo hapo chuoni, na baadhi ya waliowaua walikuwa wamekula nao meza moja. Asubuhi yake baba yangu alikuja na pikapu ya bandarini, akasimama mbele ya bweni bila kuzima injini. Hakunisalimia. Alisema tu, "Panda, mama." Baba zetu huwaita binti zao hivyo, mama. Nilipanda na rula yangu ya kuchorea na kitabu kimoja cha hesabu. Vitu vingine vyote vilibaki, na sikuvifuata tena.

Nyumbani kwetu ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Babu mzaa mama alitoka Omani, akafungua duka la vitambaa na kuoa hapo hapo. Upande wa baba walikuwa mafundi kwa vizazi, na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa injini za maboti bandarini. Mitaa ya kaskazini ilikuwa ikichomwa na kuhamwa, mmoja baada ya mwingine, na watu walikimbilia kwetu na mikeka na sufuria. Tulikuwa na familia mbili uani. Hakuna aliyewauliza ni wa kabila gani; walipewa maji na kuoneshwa choo kiko wapi.

Mimi sikuweza kukaa. Kutoka mlango wa jiko hadi lango la bati zilikuwa hatua kumi na nne, nami nilizipiga mchana kutwa, nikikwepa mikeka ya wageni. Nilianza kufua nguo nikaziacha kwenye povu. Nilifungua kitabu cha hesabu, nikasoma mstari mmoja, nikakifunga. Ikifika jioni amri ya kutotoka nje inaanza, na ile hali ya kujua kwamba sasa siwezi kutoka hata nikitaka ilinifanya nihisi miguu inawaka.

"Kaa chini, mwanangu," mama alikuwa akisema, huku anachambua mchele. "Unanizungusha kichwa."

Siku moja nilikwenda katikati ya mji, kwenye maktaba ya Kifaransa iliyokuwa bado wazi kwa saa chache, na kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti la ufundi nikaona tangazo. Shule moja ya Ulaya ilifundisha kwa posta. Kwenye orodha ya masomo kulikuwa na ujenzi wa barabara, umeme, kilimo, na chini kabisa uhandisi wa anga: ndege, roketi, na kila kitu kinachoruka. Sitadanganya kwamba tangu utotoni nilikuwa nikiota ndege. Nilitaka kuondoka na sikuwa na pa kwenda, na somo hilo ndilo lililosikika kuwa mbali kuliko yote.

Mjomba wangu aliyekuwa Maskati alikubali kulipa ada. Aliuliza mara moja tu kama hakukuwa na somo linalomfaa zaidi mtoto wa kike. Mama, ambaye nilidhani angekubaliana naye, alimjibu kwenye simu, "We lipa tu. Huyu mutoto asiposoma ataniharibia sakafu."

Basi vifurushi vikaanza kuja: vijitabu vya jalada la kijivu, na mwisho wa kila kijitabu mazoezi. Unayajibu, unayarudisha kwa posta, na baada ya miezi miwili yanarudi yamesahihishwa kwa wino wa kijani na mtu anayetia sahihi ya herufi mbili tu. Sikujua kama ni mwanamume au mwanamke. Alikuwa mtu wa maneno machache. Pembeni aliandika *Non*, au *Vérifiez*, yaani hakikisha, na mara moja moja *Oui*. Nilijifunza kuishi kwa ajili ya ile *Oui*. Nilisoma nimesimama, kijitabu nimekiegemeza juu ya pipa la maji, kwa sababu nikikaa nilianza kusikiliza: mlio wa bunduki upo mbali au karibu, umetokea mtaa wa Kamenge au ng'ambo ya mto. Nikisimama na penseli mkononi nilisikia hesabu zaidi kidogo.

Mitihani ilitakiwa isimamiwe na mtu ambaye shule imemkubali. Nikampata mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, aliyenifundisha mwaka wa kwanza, mzee mrefu aliyekuwa akiishi Mutanga Sud, karibu na chuo. Bahasha ya maswali ilitumwa kwake moja kwa moja, imefungwa kwa lakiri, na siku ya mtihani ilipangwa huko Ulaya na watu wasioweza kujua asubuhi ya Bujumbura itaamkaje.

Mtihani wa injini za roketi uliangukia siku ya *ville morte*, siku ya mji kufa. Vijana wa magenge ya mitaani walikuwa wametangaza kwamba hakuna kutoka, hakuna kufungua duka, na barabara zimezibwa kwa mawe na magari yaliyochomwa. Baba alisema nisiende. Mama alinifungia chapati mbili kwenye kitambaa. Nilipita vichochoroni hadi nilipovuka sehemu ya vijana, nikadhani nimemaliza. Mbele kidogo, pale barabara inapoanza kupanda, kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi.

"Uko na nini mu sac?" mmoja akaniuliza.

"Vitabu. Minaenda kufanya mutihani."

"Leo?"

Alimwaga begi juu ya meza ya mbao. Chapati, kalamu, rula, na michoro yangu ya mazoezi. Mchoro wa juu ulikuwa wa injini ya roketi iliyopasuliwa katikati: chumba cha kuwakia, shingo nyembamba, kisha mdomo unaopanuka kama kengele, na vipimo vyote vimeandikwa vizuri kwa mkono wangu. Askari aliutazama, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua moja. Milimani kulikuwa na waasi waliokuwa wakirusha makombora mjini. Nilielewa anachofikiri kabla yeye hajakimaliza kukifikiri.

Walinipeleka kwenye nyumba iliyokuwa ya mtu, sasa ya jeshi, wakanikalisha sebuleni kwenye kiti cha mtoto. Saa tatu ilipita, saa ya mtihani kuanza. Saa nne ikapita. Sikufungwa kamba wala kupigwa. Niliachwa tu hapo. Mwishowe akaja luteni, kijana, pengine ananizidi miaka mitatu, na michoro yangu mkononi.

"We ni mutu wa wapi?"

"Wa Buyenzi, mon lieutenant. Muswahili."

"Nani amekutuma utengeneze hii?"

"Hakuna. Ni masomo. Nasomea ndege."

"Ndege," akasema. "Bujumbura."

"Kwa posta."

Akacheka bila kufurahi. Akaniambia nimthibitishie. Kwamba kama kweli nasomea ndege, nimweleze ndege inakaaje juu. Nilimwomba karatasi. Nikachana kipande chembamba, nikakishika chini ya mdomo kikaning'inia, nikapuliza juu yake, nacho kikainuka. Nikamwambia hewa ya juu inakimbia, inakandamiza kidogo, ya chini inasukuma. Maelezo yale hayakuwa sahihi kabisa, na nilijua. Yule mtu wa wino wa kijani angeandika *Non* kubwa. Lakini luteni alichukua karatasi, akapuliza mwenyewe. Akapuliza tena.

"Na helikopta?" akauliza. Sauti ilikuwa imebadilika. "Mi nimepanda helikopta. Saa ya mchana, ikiwa na watu wengi, inakataa kupanda. Inatetemeka. Asubuhi iko sawa. Ni kwa nini?"

Nikamwambia. Hewa ya moto ni nyepesi, mapangaboi yake hayapati cha kushika. Wapunguze mzigo, au waende mapema. Nilimjibu haraka, kama mwanafunzi aliyesoma, na nilifurahi kwamba najua. Aliitikia kwa kichwa. Akanirudishia begi na chapati zangu, michoro akabaki nayo. "Nenda kwenye mutihani," akasema.

Nilifika Mutanga Sud saa saba mchana. Mwalimu alikuwa amekaa barazani, bahasha haijafunguliwa, ipo juu ya mapaja yake. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi. Nilianza kulia na kueleza vyote kwa pamoja, akanyanyua mkono.

"Umekula?"

"Apana, mwalimu."

"Kula. Halafu tunafungua."

Kwenye fomu ya msimamizi palikuwa na mstari wa saa ya kuanza na mstari wa matatizo yaliyojitokeza. Aliandika kwa Kifaransa chake safi: mtahiniwa alizuiliwa na jeshi kuanzia saa mbili na nusu hadi saa sita na nusu. Kisha akasaini na kupiga muhuri wake wa zamani. Nilifanya mtihani kwa saa nne, jua likihama mezani, naye amekaa mbele yangu bila kusoma gazeti wala kusinzia. Nilipomaliza, saa ya amri ya kutotoka ilikuwa karibu mno. Mkewe alitoka jikoni, akanishika bega, akasema kwa Kirundi, "Ikaze, mwana," yaani karibu, mwanangu, akanionesha kitanda cha binti yao aliyekuwa Ubelgiji. Nilifaulu mtihani ule. Alama zilikuwa za kawaida.

Siku chache baadaye, asubuhi na mapema, nikiwa kwenye pipa langu la maji, helikopta mbili zilipita juu ya mtaa kuelekea milimani. Watu wa uani walinyanyua vichwa. Mwanamke mmoja kati ya wageni wetu alikuwa ametoka huko huko milimani. Aliwaingiza watoto ndani ingawa hatari haikuwa kwetu. Muda si mrefu tukasikia mingurumo. Nilitazama saa. Asubuhi, wakati hewa ingali nzito. Nilijua wana marubani wao wanaojua hayo kuliko mimi, na kwamba luteni wa kizuizini hapangi safari za helikopta. Hata hivyo nilifunga kijitabu, na kwa wiki tatu sikukifungua.

Nilimwambia baba. Alikuwa akisafisha kwa mswaki pua za injini zinazonyunyiza dizeli. Alimaliza kwanza ya tatu.

"Mi natengeneza injini," akasema. "Kisha boti inaenda. Inabeba mahindi, inabeba watu, inabeba na vile sitaki kujua. Nikiacha kutengeneza, hata mahindi haitakuja."

"Sasa inakusumbua, baba?"

"Kila siku," akasema, akachukua ya nne.

Nilirudi kusoma. Siwezi kusema ni kwa sababu ya maneno yake. Nilirudi kwa sababu hatua kumi na nne za uani zilikuwa zinanimaliza.

Kisha nchi jirani zikatuwekea vikwazo. Mipaka ilifungwa, mafuta yakawa ya magendo, ndege za abiria zikaacha kuja, na posta ikafa pamoja nazo. Kwa miezi mitano sikupata kifurushi. Nilikuwa nikienda posta kila siku, hadi karani akawa ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni. Baba ndiye aliyepata njia. Shangazi yangu alikuwa Kigoma. Nikaiandikia shule watume kwake, na vifurushi vikaanza kuvuka ziwa vimefungwa ndani ya turubai, kwa mikono ya watu ambao baba hakutaka kunitajia. Kimoja kilifika kimelowa maji ya dagaa. Kwa mwaka mzima kijitabu changu cha nguvu za vyuma kilinuka kitoweo cha jioni.

Katika kifurushi hicho kulikuwa na barua. Mwaka wa nne ulihitaji wiki sita za maabara huko kwao: kupima kibawa ndani ya *soufflerie*, mashine ya kutengenezea upepo. Sikuwa na viza, na hata ningekuwa nayo hakukuwa na ndege ya kunipeleka. Waliniambia ninaweza kuahirisha hadi hali itakapotulia. Niliisoma sentensi ile nimesimama katikati ya barabara. Hadi hali itakapotulia! Nikawaandikia siku ile ile kwamba nitajenga *soufflerie* hapa, nitapima mwenyewe, na wao watasahihisha. Niliipeleka barua kwa baba kabla sijapata akili ya kuogopa.

Walikubali. Herufi mbili za kijani, na neno moja: *Essayez*. Jaribu.

Soufflerie, ukiondoa jina, ni sanduku refu lililo wazi pande mbili. Upande mmoja feni inavuta hewa, katikati unaweka kibawa, na unapima upepo unakiinua kwa nguvu gani. Sanduku lilihitaji seremala wa kweli. Baba alimjua mmoja wa mtaa wa Cibitoke, mtu mnene, mwenye vidole vifupi, ambaye karakana yake ilibaki imesimama wakati nyumba za pande zote mbili zimebaki kuta tupu. Nilimkuta akipiga randa. Masanduku manne yalikuwa yameegemea ukutani, na yote yalikuwa ya kuzikia.

Nilimtandazia mchoro. Aliutazama kwa muda.

"Tangu vita imeanza natengeneza sanduku za watu tu," akasema. "Hii ni ya mutu gani, murefu hivi?"

"Si ya mutu, muzee. Ni ya upepo."

Alikaa chini juu ya gogo akacheka mpaka akapangusa macho kwa mkono wenye vumbi la mbao. Aliacha kazi zote akaanza na yangu. Sanduku alilimaliza kwa siku sita. Kibawa kilimchukua mwezi. Nilimpa umbo lake limechorwa kwenye karatasi ngumu, mgongo umeinuka kidogo, ncha ya nyuma nyembamba kama kisu, naye akachonga, akapiga msasa, akapitisha kiganja huku amefumba macho, akakitupa, akaanza upya. Cha tatu ndicho alichonipa, kimefungwa ndani ya shati lake safi.

Umeme ulikuwa ukikatwa kwa wiki nzima, kwa hiyo tuliweka mtambo bandarini, kwenye banda ambako baba alikuwa akifungua injini. Feni ilitoka kwenye lori, na iliendeshwa kwa mkanda na injini ndogo ya dizeli ya boti. Mizani ilitoka dukani kwa binamu yangu. Kifaa cha kupimia kasi ya upepo niliazimwa na bwana mmoja aliyekuwa akiandika hali ya hewa ya ziwa, kwa sharti kwamba nisikitoe bandarini. Tulipoiwasha mara ya kwanza, wabeba mizigo waliacha magunia wakaja kutazama. Kibawa kilitetemeka, kikajiinua, sindano ya mizani ikasogea. Mmoja akapiga kelele kama timu yake imefunga bao.

Sindano ilisogea, lakini haikufika. Kila nilichopima kilikuwa chini ya kile ambacho kitabu kilisema, kwa karibu sehemu moja ya nane. Nilirudia. Niliziba nyufa za sanduku kwa nta. Nilibadili mkanda. Niliipima mizani kwa vipande vya sabuni. Nilipunguza kasi, nikaongeza, na kila mara pengo lilikuwa lile lile, bila huruma. Nilianza kwenda bandarini kabla ya baba na kurudi baada yake. Sikula vizuri. Wiki ya tano nilipanda hadi Cibitoke na kibawa chini ya kwapa, nikamwambia yule seremala mbele ya wateja wake:

"Kibawa chako kimepinda."

Hakupandisha sauti. Alikichukua, akakiweka juu ya kioo cha dirisha alichotumia kama meza ya kupimia, akainama kutazama mwanga chini yake.

"Mbao yangu haiko na kosa," akasema. "Angalia fasi ingine."

Alinirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha mgeni, akageukia kazi yake. Nilishuka Cibitoke nikiwa nimekasirika, na hasira ile yote ilikuwa ya kuniepusha na aibu.

Siku mbili baadaye mvua kubwa ilinikuta bandarini, nikakimbilia ofisi ya zamani ya mizigo. Ukutani kulikuwa na kipima-hewa cha shaba, cha wakati wa Wabelgiji, kile chenye sindano na maneno ya Kifaransa kuizunguka: kikavu, kizuri, kigeugeu, mvua, tufani. Sindano ilikuwa imelala chini kabisa, ikipita hata neno *Tempête*. Nikamwambia karani wa pale kwamba leo kimepatia.

"Hiyo imekufa zamani," akasema. "Tangu nianze kazi inaandika tempête. Jua, mvua, yote tempête."

Nilicheka naye. Halafu nikasogea kusoma namba ndogo zilizo chini ya maneno. Kifaa kile hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kinasema kweli miaka yote. Maneno yake yaliandikwa na watu wanaoishi kando ya bahari, na sisi hatuko kando ya bahari. Ziwa letu liko juu sana, hewa yake ni pungufu, na juu ya hapo ina joto. Jedwali la hewa katika kijitabu changu lilikuwa la usawa wa bahari, siku ya baridi. Hata luteni wa helikopta nilikuwa nimemweleza jambo hilo hilo bila kusita, na mwenyewe, mbele ya sanduku langu, sikulikumbuka. Nilimwomba karani kalamu, nikakokotoa upya nyuma ya fomu ya forodha. Pengo likatoweka. Lilibaki kidogo mno, kiasi cha kosa la mkono wa mtu.

Sikusubiri mvua iishe. Nilifika karakana ya Cibitoke maji yananichuruzika, nikasimama mlangoni.

"Muzee, unisamehe. Mbao haikuwa na kosa. Ni hewa."

Aliendelea na randa hadi mwisho wa ubao. "Hewa ya nani?"

"Ya hapa kwetu. Mi nilihesabu kwa hewa ya Wazungu."

Alifikiri. "Basi andika jina yangu mu kitabu yako," akasema. "Andika kibawa ni mimi nimechonga."

Niliandika, jina lake kamili na mtaa wake, ukurasa wa kwanza wa ripoti. Ilivuka ziwa na turubai lake. Miezi minne baadaye ilirudi, na pembeni mwa jina lile wino wa kijani ulikuwa umeuliza: huyu ni wa maabara gani? Mwishoni palikuwa na sentensi nzima, ya kwanza kwa miaka yote: kwamba amefundisha somo hili muda mrefu na hakuwahi kufikiri kwamba jedwali lao ni la hewa ya kwao. Chini yake, *Oui*. Nilikwenda kumsomea seremala. Swali la maabara lilimfurahisha kuliko alama. Aliniomba nimwandikie kwa herufi kubwa kwenye ubao, akaupigilia misumari juu ya mlango: MAABARA. Bado alikuwa akitengeneza masanduku ya kuzikia, maana vita havikuisha kwa sababu yangu.

Shahada yenyewe ilichukua miaka mingine mitatu. Somo moja nilifeli mara mbili. Mwalimu wa Mutanga Sud alinisimamia hadi mwisho, na alifariki kwa maradhi ya moyo miezi michache kabla cheti hakijafika; mkewe ndiye niliyemwonesha. Wakati huo watu walikuwa wakizungumza habari za amani katika miji ya mbali, na hapa kwetu makombora yalikuwa bado yanaanguka. Bujumbura haikuwa na kazi kwa mhandisi wa anga. Nilifundisha hesabu sekondari, nikizunguka kati ya madawati kiasi kwamba wanafunzi walinipa jina la utani la feni. Baba aliweka cheti kwenye fremu, akakitazama, akaniuliza, "Sasa unaweza kutengeneza ndege?"

"Apana, baba. Naweza kuihesabu."

"Si kidogo," akasema. Alisema hivyo kwa upole, lakini mimi usingizi haukunijia.

Nilituma maombi ya kazi kila mahali nilipokuwa na anwani. Hatimaye kampuni moja ya Nairobi inayotengeneza ndege ndogo iliniita kwa mahojiano. Ndege za abiria zilikuwa zimerudi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini, nina shahada ya vitu vinavyoruka, na sikuwa nimewahi kukanyaga ndani ya ndege.

Walinipa kiti cha katikati. Dirishani alikaa mfanyabiashara wa vitenge, mama mnene mwenye pete nyingi, ambaye alivua viatu akafunga macho kabla hata injini hazijawashwa. Ndege ilipoanza kukimbia nilikuwa nahesabu sekunde kwa midomo. Tulinyanyuka. Juu ya bega lake niliona mabati ya Buyenzi, bandari, maboti madogo kama mbegu, kisha milima, kijani, na juu yake moshi mwembamba mahali pamoja. Nilijivunia kwamba sikuogopa. Kila kilichotokea nilikijua jina lake.

Tulipokaribia Nairobi, chini ya sakafu kukasikika mlio mrefu wa chuma kinachosaga chuma, na ndege nzima ikatikisika kama imegonga kitu. Nilipiga kelele, nikamkamata yule mama mkono kwa nguvu zangu zote. Alifumbua jicho moja, akatazama nje, akaniangalia.

"Ni mabawa inafunguka tu, dada," akasema. "Inataka kushuka. Mara ya kwanza?"

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimechora sehemu ile ya bawa zaidi ya mara mia, nikakokotoa pembe zake na mzigo wake. Hakuna kijitabu kilichoniambia kwamba inapiga kelele. Alinipigapiga mkono, akauacha wa kwake ndani ya wangu, akalala tena hadi magurudumu yalipogusa chini.